Shajara ya mradi: natafuta intavali ya Kibayesi kwa vipimo vya mtu yuleyule

2 Februari. Naanza, na kijiti cha kwanza kinanichekesha

Wadau, hii naiandika ili mwenye kazi kama yangu asidumbukie kwenye mashimo niliyodumbukia mimi. Kazi yenyewe: una watu wachache, kila mtu umempima kwenye hali zote tatu za jaribio, unataka kuchora wastani wa kila hali halafu juu yake vijiti vya kuonyesha uhakika wako unaishia wapi. Vijiti vya kawaida vimetengenezwa kwa makundi ya watu tofauti, ukivileta kwenye vipimo vya mtu yuleyule vinakupotosha. Nataka toleo la Kibayesi, yaani intavali ambayo naweza kusema bila kigugumizi kwamba kwa modeli hii na data hizi, uwezekano ni asilimia 95 thamani imo humu.

Data za kuchezea nimezitunga mwenyewe, watu 6, hali A, B na C, muda wa kuitikia kwa milisekunde. Zinakili ufuatilie:

Mtu 1: 510, 530, 560
Mtu 2: 620, 650, 660
Mtu 3: 450, 470, 500
Mtu 4: 700, 710, 750
Mtu 5: 540, 590, 610
Mtu 6: 480, 500, 520

Wastani ni 550, 575 na 600. Angalia kwa macho tu, kila mtu bila ubaguzi A yake ni ndogo kuliko B na B ndogo kuliko C. Sasa piga intavali ya kawaida ya asilimia 95 hali kwa hali: A inatoka 550 jumlisha au toa 98, nyingine hivyohivyo. Yaani vijiti vitatu virefu kama milingoti vinapishana karibu mwili mzima, mtu akiona grafu atasema hapa hakuna kitu. Sababu ni kwamba mtu 4 ni mzito wa kuitikia na mtu 3 ni mwepesi, tofauti hiyo ya watu imemezwa ndani ya kijiti wakati swali langu halihusu watu, linahusu hali.

4 Februari. Loftus na Masson, baada ya kupoteza jioni nzima

Kabla ya Bayes nikataka namba ya kulinganishia. Loftus na Masson mwaka 1994 walisema hivi: toa tofauti za watu, kinachobaki ni mwingiliano wa mtu na hali, yaani jinsi kila mtu anavyoitikia hali tofauti na wenzake, tumia hicho ndio kipimo cha makosa. Rahisi. Mi nikakaa nayo jioni nzima kwa sababu ya kosa la kijinga ambalo nasikia kila mtu hulifanya mara moja: safu ya namba za washiriki, 1 mpaka 6, programu iliisoma kama namba za hesabu na sio majina. Kwa hiyo badala ya kumtoa kila mtu na kiwango chake, ikachora mstari ulionyooka kutoka mtu wa 1 hadi wa 6 kana kwamba mtu wa 6 ni "mtu mara sita". Varianse (kipimo cha mtawanyiko) ya makosa ikatoka 9317. Nikaikodolea macho, nikabadilisha fomula, nikarudi, wapi. Kilichonizindua ni digrii za uhuru (idadi ya taarifa huru zinazobaki baada ya kukadiria), zilikuwa 14 wakati kwa watu 6 na hali 3 zinatakiwa 5 mara 2, yaani 10. Ukiona digrii za uhuru haziendani na hesabu ya kichwa usiangalie kitu kingine chochote, rudi kwenye safu ya washiriki. Nikaigeuza kuwa kundi, jumla ya miraba ya makosa ikawa 700, gawa kwa 10 unapata 70.

Basi nusu ya intavali ni 2.228 (namba ya jedwali la t kwa digrii 10) mara mzizi wa 70 gawa kwa 6, ambayo ni 7.61. Kutoka 98 hadi 7.61!

Ila hapa pana mtego wa maana na nitaurudia mpaka mchoke. Hiyo 7.61 haisemi wastani wa watu wote duniani kwenye hali A uko kati ya 542 na 558. Kwa watu 6 wanaotofautiana kiasi kile, hilo huwezi kulijua hata ufanyeje. Inasema kuhusu mpangilio wa wastani hizo tatu zikilinganishwa zenyewe kwa zenyewe. Kiwango ni swali moja, mpangilio ni swali lingine.

7 Februari. Njia ya mkato na mzizi wa 3/2

Kuna njia ambayo wengi wanaipenda kwa kuwa unaifanya hata kwenye jedwali la kawaida, ya Cousineau ya 2005. Kila namba ya mtu unaitoa wastani wa mtu huyo, unaijumlisha wastani mkuu (kwangu 575), halafu unapiga intavali kama kawaida. Nikafanya. Varianse za hali tatu zikatoka 56.67, 53.33 na 30, wastani wake 46.67.

Subiri, si tulikuwa na 70?

Kumbe Morey mwaka 2008 alishaliona. Ukishamtoa mtu wastani wake, namba zake tatu zimefungwa kamba, ukijua mbili ya tatu unaijua, kwa hiyo mtawanyiko umepungua kwa lazima. Unarudisha kwa kuzidisha varianse na idadi ya hali gawa kwa idadi hiyo toa moja, kwangu 3/2. Na 46.67 mara 1.5 ni 70 kamili. Usipozidisha, vijiti vyako vinakuwa vyembamba kwa asilimia 18 hivi, na grafu yako inapendeza kuliko haki yake. Hali zikiwa mbili tu ni mbaya zaidi, varianse inakuwa nusu ya inavyotakiwa.

Ishike hiyo 46.67, itarudi.

11 Februari. Bayes ya kwanza, furaha ya siku moja

Sasa nikaingia kwenye chenyewe. Nathoo, Kilshaw na Masson mwaka 2018 walitoa pendekezo la intavali ya Kibayesi kwa aina hii ya majaribio, na wazo lake kwa kifupi ni kwamba unaziwekea sharti tofauti za watu, unaziingiza kwenye hesabu zikiwa tayari zimekadiriwa, halafu unatafuta mgawanyo wa wastani wa hali baada ya data. Nikasema hii naiweza hata kwa kalamu. Nikachukua imani ya awali (unachodhani kabla ya kuona data) isiyo na upande, ile ambayo kwa varianse ni moja gawa kwa varianse yenyewe, nikazishika tofauti za watu kama vitu vinavyojulikana, nikapata mgawanyo wa t wenye digrii 15. Kwa nini 15? Namba 18 toa wastani 3. Nusu ya intavali: 2.131 mara mzizi wa 700 gawa kwa 15 gawa kwa 6. Jibu 5.94.

Nikafurahi kweli, nyembamba kuliko 7.61, nikaenda kulala nikijiona Bayes imenipa zawadi.

Asubuhi nikaangalia tena 700 gawa kwa 15. Ni 46.67.

Namba ileile! Kosa la tarehe 7 limebadilisha nguo likaingia kwa mlango wa mbele. Tofauti za watu sikuambiwa na malaika, nimezikadiria kutoka kwenye data hizihizi, na kuzikadiria kunakula digrii 5 za uhuru. Nikizishika kama zinajulikana nimekula bila kulipa. Heck mwaka 2019 alijibu lile pendekezo kwa hoja ya aina hii, kwamba kutokuwa na uhakika kwenye makadirio ya watu lazima kuhesabiwe, pamoja na kusinyaa kwa makadirio kuelekea wastani mkuu. Kwenye data zangu kusinyaa ni kidogo mno, chini ya asilimia 0.3, maana watu wangu wameachana sana, lakini hilo la kwanza linauma.

Linauma kiasi gani? Kwa muundo huu inapigika kwa mkono: 5.94 ni sawa na kutumia 1.74 pale palipotakiwa 2.228 kwenye t ya digrii 10, na hiyo inakupa ufunikaji (mara ngapi intavali inaushika ukweli) wa asilimia 89 hivi kwenye kulinganisha hali. Umeandika 95 kwenye lebo, ndani ya kopo kuna 89. Watu wakiwa wengi pengo linabaki karibu palepale, kwa sababu ule uwiano wa 3/2 hautokani na idadi ya watu, unatokana na idadi ya hali.

15 Februari. Modeli kamili, na milingoti imerudi

Dawa ya "umezishika kama zinajulikana" ni kutozishika. Weka modeli nzima: kila mtu ana kiwango chake, viwango vinatoka kwenye mgawanyo mmoja wenye mkengeuko (mzizi wa varianse) wake, na kila kitu kinakadiriwa kwa pamoja. Nimetumia Stan, programu ya modeli za Kibayesi. Nikaendesha, nikafungua matokeo, nusu ya intavali ya hali A ikawa mia na kitu. Yaani milingoti ya siku ya kwanza na zaidi.

Nilikaa nikafikiri nimeharibu modeli. Haikuharibika, nilikuwa nasoma mstari usio wangu. Mstari wa "wastani wa A" unajibu swali la kiwango, na kiwango kinabeba tofauti zote za watu, kama nilivyolalamika tarehe 4 halafu mwenyewe nikasahau. Programu haijui unauliza nini, inakupa kila parameta na intavali yake na ukichora hizo moja kwa moja umerudi mwanzo.

Kinachotakiwa ni kufanya hesabu ndani ya kila sampuli. Sampla (sehemu ya Stan inayochota thamani zinazowezekana) inakupa, tuseme, mistari 4000, kila mstari una A, B na C. Kwenye kila mstari toa wastani wa hizo tatu, ubaki na mpotoko wa kila hali kutoka katikati. Kiwango kinapanda na kushuka kwa hali zote tatu kwa pamoja, kwa hiyo ukitoa katikati kinajifuta. Intavali unaipiga juu ya mipotoko hiyo, halafu unaihamishia kwenye 550, 575 na 600 kwa ajili ya grafu.

Na hapo tena kuna malipo. Mpotoko kutoka katikati una varianse pungufu, theluthi mbili ya ile unayoitaka, kwa hiyo unazidisha urefu wa kijiti kwa mzizi wa 3/2. Nilicheka peke yangu, maana sasa ni mara ya tatu. Kwa mkono, ukiwa na imani za awali zisizo na upande, mpotoko unatoa 6.21, zidisha kwa 1.225 unapata 7.61, ileile ya 1994. Kwa hiyo nikawa na shabaha: sampla yangu inatakiwa iangukie hapo au inieleze kwa nini haikuangukia.

19 Februari. Sampla inakohoa

Hapa nimepoteza siku tatu. Maonyo ya mti kufika kina cha mwisho (sampla imefikia kikomo cha hatua zake), kila cheni (mfululizo mmoja wa sampuli) inakwenda kwa mwendo wa konokono, sampuli fanisi (zenye uzito wa sampuli huru) chache mno. Nikafanya kile kila anayesoma mitandaoni angefanya: maelezo karibu yote yanakwambia ukiona modeli ya ngazi (kama hii, watu ndani ya mgawanyo mmoja) inasumbua, andika athari za watu kwa namna isiyo na kitovu, yaani chora namba za kawaida zenye mkengeuko wa 1 halafu uzizidishe na mkengeuko wa watu. Tatizo ni kwamba nilikuwa tayari nimeandika hivyo! Nikaongeza hatua za kupasha moto, nikapunguza ukubwa wa hatua, nikapata matokeo yaleyale kwa muda mara tatu.

Ushauri ule ni sahihi kwa hali yake: data chache kwa kila mtu, kelele nyingi, mkengeuko wa watu unaokaribia sifuri. Pale kuna lile faneli maarufu (eneo linalobana kama shingo ya faneli, sampla inakwama) na namna isiyo na kitovu inakuokoa. Data zangu ni kinyume kabisa. Watu wameachana kwa mkengeuko wa 93 hivi na kelele ni 8, maana yake kiwango cha kila mtu kinajulikana kwa usahihi mkubwa, na ukiandika bila kitovu unailazimisha sampla ipite kwenye njia nyembamba iliyopinda, ambako wastani mkuu, mkengeuko na namba za watu wote lazima zitembee kwa hatua moja kama gwaride. Nikaandika upya: kiwango cha mtu kinachorwa moja kwa moja kutoka mgawanyo wenye wastani mkuu na mkengeuko wa watu. Maonyo yakaisha, R-hat (kipimo cha kama cheni zinakubaliana) zote chini ya 1.01, na muda ukashuka kutoka dakika hadi sekunde.

Kama unatumia kifurushi kinachokuandikia Stan chenyewe, kuna uwezekano kinaandika bila kitovu kila mara. Mi ndo maana nimeishia kuandika mwenyewe, mistari haifiki 30.

22 Februari. 7.61 iko wapi?

Sampla ni safi, nikachukua mipotoko, nikazidisha mzizi wa 3/2, nikapata 8.0. Nikarudia na mbegu nyingine, 8.3. Nyingine, 8.1. Shabaha ni 7.61.

Kwanza nikalaumu kuyumba kwa sampla, na kweli kwa sampuli 4000 ncha ya asilimia 2.5 inayumba kama 0.2 hivi, watu wanasahau kwamba wastani unatulia haraka lakini ncha za intavali zinachelewa. Nikapandisha hadi 40,000. Ikatulia kabisa, kwenye 8.1. Kwa hiyo sio kuyumba. Nikapekua skripti mstari kwa mstari, jioni mbili, nikabadilisha hata namna ya kupiga asilimia. Hakuna kosa.

Ilikuwa imani ya awali. Kwenye kelele nilikuwa nimeweka nusu-t pana (mgawanyo wa t, upande wa chanya tu), ambayo kwenye eneo la 5 hadi 20 ni bapa kama meza. Lakini bapa kwenye mkengeuko sio sawa na ile ya moja gawa kwa varianse, ile ya pili inavuta kelele chini kidogo. Ukipiga kwa mkono, bapa inakupa digrii 9 badala ya 10: 2.262 mara mzizi wa 700 gawa kwa 9 gawa kwa 6, jibu 8.14. Ndo hilohilo. Nikabadilisha imani ya awali kuwa ile nyingine, sampla ikaangukia 7.6.

Ipi ni sahihi? Zote mbili ni halali, na mi nimebaki na nusu-t kwa kuwa kwa watu 6 napendelea kukosea upande wa kijiti kirefu. Ila sasa naandika chini ya grafu nimetumia ipi, maana nusu milisekunde ya tofauti imetoka kwangu na haikutoka kwenye data. Nilijaribu pia kuchezea imani ya awali ya mkengeuko wa watu, kijiti cha kiwango cha A kikarefuka na kufupika kwa makumi ya milisekunde na mipotoko haikutikisika, jambo lililonipa imani kwamba maswali mawili yametengana kweli.

27 Februari. Tamaa ya miteremko

Mtu 5 ananisumbua. Kutoka A hadi B ameongezeka 50, wenzake kati ya 10 na 30. Varianse za tofauti za jozi ni 190 kwa A na B, 110 kwa B na C, 120 kwa A na C. Wastani wake ni 140, mara mbili ya 70, hesabu inafunga, lakini kutumia 70 moja kwa jozi zote ni kujifanya tofauti hizo zinafanana. Nikasema basi niweke athari ya hali kwa kila mtu, kila mtu aitikie hali kivyake.

Balaa. Maonyo ya daivajensi (sampla imepotea njia) kwa mamia. Nikachora mkengeuko wa mwingiliano dhidi ya mkengeuko wa kelele, nikaona tao: kimoja kikipanda kingine kinashuka. Bila shaka! Nina namba moja tu kwa kila mtu kwa kila hali. Mtu 5 kuongezeka 50 inaweza kuwa tabia yake au bahati ya siku ile, na hakuna namba ya pili ya kuamua. Data inajua jumla ya varianse hizo mbili, hizo 70, mgawanyo wake ndani haijui na haitajua hata uiendeshe mwezi mzima. Kinachoamua ni imani ya awali peke yake.

Suluhisho ni kutotupa majaribio binafsi. Watu wengi, mi nikiwemo, tunapima mara 20 kila hali halafu tunapiga wastani na kufuta zile 20. Nikaigiza data mpya: watu 6, mara 20 kila hali, mkengeuko wa watu 90, mpotoko binafsi wa kila mtu katika kila hali 10, kelele ya jaribio moja 40. Hapo modeli yenye mwingiliano ikakaa vizuri, kelele ikakadiriwa kwa uhakika kutoka kwenye namba 360, na mwingiliano ukapata pumzi yake. (Mwingiliano huu niliuandika bila kitovu, na hapa ndipo ilipofaa.)

Lakini angalizo kubwa kuliko yote ya mwezi huu: ukishakuwa na namba 360 usiweke kiwango cha mtu peke yake ukasahau mwingiliano. Nilijaribu kwa makusudi. Kwa mipangilio ile, wastani wa seli una varianse ya 1600 gawa kwa 20, yaani 80, pamoja na 100 ya mpotoko binafsi, jumla 180, gawa kwa watu 6 ni 30. Modeli isiyo na mwingiliano inadhani ina vipimo huru 120 kwa kila hali, inapata kama 14. Mzizi wa 30 ni 5.5, mzizi wa 14 ni 3.7. Kijiti chako ni chembamba kwa theluthi nzima na hakuna onyo lolote, R-hat safi, sampuli fanisi nyingi, kila kitu kijani. Daivajensi angalau zinapiga kelele, hili linakupita kimyakimya.

5 Machi. Kupima kama 95 ni 95

Nikataka kuhakikisha kwa kuigiza: tunga data mara 2000 ambazo ukweli wake naujua, hesabu ni mara ngapi intavali ya tofauti ya B na A imeufunika. Usiku wa kwanza umepotea wote kwa kuwa kitanzi changu kilikuwa kinaikompaili modeli upya kila mzunguko, dakika moja hivi mara 2000 ni saa 33. Nimeamka nimekuta haijafika hata robo. Kompaili mara moja nje ya kitanzi, ndani badilisha data tu. Baada ya hapo kazi nzima ikamalizika kwa saa mbili na ushee.

Matokeo yamefuata hesabu ya mkono: njia ya tarehe 11 ikaangukia karibu 89 kwa 100, modeli kamili yenye imani ya moja gawa kwa varianse karibu 95, nusu-t juu kidogo ya 95. Mara 2000 zinaacha kuyumba kwa nusu asilimia hivi, kwa hiyo mi sigombanii desimali.

9 Machi. Grafu

Grafu ya mwisho ina vijiti vya 8.1 kwenye 550, 575 na 600, na chini yake nimeandika mambo matatu: vijiti ni vya kulinganisha hali na sio vya kiwango, vimezidishwa mzizi wa 3/2, na imani ya awali ya kelele ni nusu-t.

Niliionyesha kwa mtu mmoja, akaanza kusoma kwa kupishana: vijiti vikigusana hakuna tofauti, visipogusana ipo. Hapana. Intavali ya tofauti ya hali mbili ni mzizi wa 2 mara kijiti, sio kijiti mara mbili. Kwa 7.61 tofauti inayotosha ni 10.76, wakati vijiti vinaacha kugusana ikifika 15.2, kwa hiyo kati ya hapo vinapishana na tofauti bado iko nje ya sifuri. Sasa pembeni nimeweka kidirisha cha pili chenye tofauti za jozi zenyewe, B toa A, C toa B, C toa A, kila moja na intavali yake kutoka kwenye sampuli zilezile, na yeyote anayetaka kujua kama hali mbili zinatofautiana nampeleka huko.

Gharama mpaka leo: jioni 14, ambazo 3 zilikwenda kwa kitovu, 2 kwa kutafuta kosa lisilokuwepo la 8.1, 1 kwa safu ya washiriki, na usiku mmoja wa kompyuta kuunguruma bure. Modeli zenyewe zinaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida.

Kilichobaki ni yule mtu 5. Nataka kuacha kila hali iwe na varianse yake na kila jozi uhusiano wake, yaani kuachana na ile 70 moja. Kwa hesabu ya jozi moja moja, A na B inakuwa 14.5 badala ya 10.76, B na C 11.0, A na C 11.5. Nimeshaandika modeli, nimeiendesha mara moja jana usiku, na kwa watu 6 ule uhusiano kati ya hali unazurura kuliko nilivyotegemea. Nitaongeza watu wa kuigiza mpaka 24 nione unatulia wapi, halafu nitaweka tarehe nyingine hapa chini.